Shamba la Sekela

Iyunga, Mbeya
3 Mei 1955

Dada yangu Yudith,

Kamwene. Huku kwetu tu wazima, ila mwanetu Saulo anakohoa kidogo. Baridi ya mwaka huu imewahi, na mama yake hamtoi nje bila lile sweta ulilomfumia. Najua mfungo umeanza, basi bila shaka nyumba yako hapo Mlandege imejaa vitambaa vya Idi na huna nafasi hata ya kuketi. Hata hivyo nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, maana ina habari njema.

Tumepata kiwanja cha kanisa! Unajua tunavyoabudu tangu niletwe huku kuwa mwinjilisti: kibanda cha nyasi nyuma ya kambi ya vibarua, na masika mvua huhubiri kuliko mimi. Sasa tumepewa ardhi nzuri kando ya barabara, mteremko mpole, udongo uliokwisha kulainika, na kijito chini yake. Aliyetupa ni Yotamu, mkubwa wa ukoo mmoja wa hapa. Huyu alibatizwa zamani, kisha akatengwa na Meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili. Alikuja mwenyewe baada ya ibada, akavua kofia, akasema ukoo wake unalipatia kanisa kiwanja. Wazee wetu walitaka kucheza ngoma. Mzee Danieli, ambaye ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa, amekwisha piga vigingi vya kupimia, na vijana wanafyatua matofali.

Jambo la pili nalo ni la kumshukuru Mungu. Kuna mjane hapa, jina lake Sekela, mkristo wetu, ana watoto wawili wadogo. Mumewe alikuwa mdogo wake Yotamu. Alipokufa, ukoo ukasema Yotamu amrithi, kama desturi ilivyo. Mimi na wazee tulikwenda kumfundisha kwamba mwanamke mkristo harithiwi pamoja na majembe ya marehemu, anaweza kukataa. Naye akakataa, mbele ya ukoo mzima, bila kutetemeka. Nilimtaja katika mahubiri na watu wengi walilia.

Tunatazamia kuweka jiwe la msingi mwezi wa nane. Utushonee kitambaa cha meza ya Bwana, cheupe, chenye upindo. Mama Saulo anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Anania


Mlandege, Iringa
20 Mei 1955

Mdogo wangu Anania,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana viti vyote vina kanzu za watu. Nimefurahi. Umepata kiwanja, ukipata na mabati nadhani utaanza kututaka tukuamkie kwa kupiga magoti. Kitambaa nitashona. Nimekwisha pata kitani safi kwa jirani yangu Isihaka, yule mfanyabiashara wa nguo mwenye lori. Alipojua ni cha kanisa alinichagulia kile kisicho na doa hata moja.

Huyo Sekela nimempenda kabla ya kumwona. Lakini umeniachia habari yake katikati. Alikataa, watu wakalia, kisha ikawaje? Yuko kwenye nyumba ya nani sasa? Analima wapi? Watoto wanakula nini mahubiri yakiisha?

Usikasirike nikikuuliza. Unajua mambo haya nayaulizia nini. Nilipofiwa, shemeji zangu walikuja kuchukua cherehani na kunihamisha nyumbani, na mimi nilikuwa nimekaa chini nimefunikwa kaniki, sina neno. Wewe ulishuka kwenye lori umejaa vumbi, ukakaa mlangoni na fimbo ya baba, ukawaambia huyu ana kaka. Ulikuwa mwembamba, hata ndevu huna, na mimi ndiye mkubwa wako, lakini siku ile ulikuwa kaka. Waliondoka. Kila ninapokanyaga cherehani hii nakumbuka kwamba ningeweza kuwa sina.

Kwa hiyo nijibu. Nataka kujua analima wapi.

Dada yako,
Yudith


Iyunga
8 Juni 1955

Dada Yudith,

Asante kwa maneno yako na kwa kitani. Tanuru la kwanza la matofali limeungua vizuri, jekundu kabisa. Baridi ni kali. Asubuhi umande umeganda kwenye majani, na watu wanachimba msingi huku wakiimba ili wapate joto. Hata watu wasio wa kanisa wanakuja kusaidia. Mzee Danieli anasema tangu azaliwe hajaona umoja kama huu.

Saulo amepona. Mama yake ana hali tena, atajifungua kwenye mwezi wa kumi na mbili Mungu akipenda. Usimwambie mtu bado.

Kuhusu yule mjane, tunamwombea kila Jumatano. Mambo ya mashamba ya huku yana desturi zake, si rahisi kuyaeleza kwa barua. Ardhi ni ya ukoo. Mungu hamwachi aliye wake.

Kuhusu vipimo vya kitambaa, meza ni ile ile, umeiona.

Anania


Mlandege
29 Juni 1955

Anania,

Leo sikusalimu vizuri, na utajua kwa nini.

Isihaka amerudi jana kutoka Mbeya. Ana dada yake hapo kwenu, Mwanakhamisi, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa barabarani. Bila shaka unalipita kila siku. Isihaka alipofika kulala kwake alikuta stoo ya nyuma, ile ya magunia, ina mgeni na watoto wawili. Alidhani ni mtumishi. Mwanakhamisi akamwambia ni mjane wa kikristo, alikataa kurithiwa, wakamwambia asiyeutaka ukoo asile shamba la ukoo. Wakamtoa yeye na vyungu vyake. Alitangatanga kwenye baridi mpaka Mwanakhamisi akamwita ndani.

Na shamba lake je? Isihaka alikwenda kulitazama. Amekuta vijana wanachimba msingi na kuimba tenzi.

Ungeniambia, Anania. Nilikuuliza waziwazi analima wapi, nawe ukanijibu habari za tanuru. Udongo uliolainika, ulisema. Ni nani aliyeulainisha?

Isihaka hakunicheka. Angenicheka ningejua pa kumshika. Aliniuliza kwa adabu kabisa, amekaa pale kizingitini, kama dini yetu ndivyo inavyoelekeza, kumfundisha mtu akatae kisha kupewa mali yake kwa sababu amekataa. Nilijifanya natafuta mkasi.

Kitani cha meza nimekikata. Nimeshona gauni moja na shati moja la mtoto, yamekwenda kwa lori la leo kwa Mwanakhamisi. Kilichobaki nitafanya mito.

Nakupenda na nimekukasirikia sana.

Yudith


Iyunga
12 Julai 1955

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nyuma ya kibanda ili Mama Saulo asinione uso. Nilijua. Siku ya kupiga vigingi niliona mabua ya mahindi ya msimu uliopita yangali yamesimama, na kule chini ukingoni kaburi la mumewe. Nilijiambia ardhi ni ya ukoo na ukoo umetoa, na kwamba si kazi yangu kupeleleza zawadi. Halafu nikaona haya kukuandikia, na haya ikaniongezea uongo. Hakuna zaidi ya hapo.

Niliwaita wazee. Tulikaa kutwa nzima. Mzee Danieli alishika upande wake kwa nguvu. Alisema hakuna mwanamke mwenye ardhi huku, kwamba Yotamu ndiye msemaji wa ukoo, kwamba msingi umechimbwa na matofali yameungua, na kama tukianza kuuliza kila zawadi imetoka wapi tutaabudu chini ya mvua mpaka Bwana arudi. Si mtu mbaya, dada. Amelitamani kanisa hili tangu ujana wake na sasa anazeeka. Lakini niliwasomea yale ya mfalme Ahabu na shamba la mizabibu alilomnyang'anya Nabothi, na nikaona mmoja mmoja anaanza kutazama chini. Jioni walikubali.

Jumamosi tulikwenda sote kwa Yotamu na nguo zetu za ibada. Tulimshukuru, tukamwambia kanisa haliwezi kupokea shamba la mjane, tukalirudisha mkononi mwake kwa maombi. Alitusikiliza, akasema sawa, kama hamtaki basi. Hakugomba hata kidogo.

Kisha tukapita dukani kumweleza Sekela. Alikuwa anapepeta ulezi wa Mwanakhamisi. Alisema ndaga, asante ya huku, akaendelea kupepeta. Nadhani alishindwa kusema kwa furaha.

Usiku nililala usingizi mzuri. Sasa tumerudi kibandani kwetu na sijali. Unisamehe.

Anania


Mlandege
25 Julai 1955

Mdogo wangu,

Nimekusamehe. Yalikwisha nilipofika kwenye Nabothi, maana najua unavyosoma maneno yale, sauti ikipanda.

Lakini Anania, mlilirudisha mkononi mwa nani?

Isihaka amepita tena huko. Mke mdogo wa Yotamu amekwisha anza kupanda maharage kule chini kijitoni, chini ya msingi wenu. Sekela yuko stoo kwa Mwanakhamisi kama alivyokuwa. Ninyi mmechukua heshima ya zawadi na kuirudisha kama inavyopasa, zawadi imemrudia aliyeitoa. Ndiyo desturi, hata kwetu Ubena ni hivyo, ukikataa kuku wa mtu kuku anarudi bandani kwake. Mjane hakuwamo katika mazungumzo yenu. Ninyi mmejitoa kwenye kosa, yeye hamkumtoa kwenye taabu. Mmenawa mikono, nasi tunaomjua aliyenawa mikono mbele ya makutano hatumsifu.

Hakushindwa kusema kwa furaha, mdogo wangu. Mimi nimekuwa mjane. Alikuwa anangoja mseme neno la pili, nanyi hamkuwa nalo.

Nimemwuliza Isihaka kama Sekela ana kaka. Alikuwa naye mmoja, akaandikwa kwenda kuchimba dhahabu Johanesiba, na hajulikani kama yu hai. Baba amekufa. Basi hana wa kumpeleka kwenye baraza la chifu, na mjane akienda peke yake karani humwambia arudi na watu wake. Hapo ndipo lilipo jambo. Si imani yake iliyopungua, ni mtu wa kusimama.

Kila Jumapili mnamwita dada. Sasa sijui mnamwita hivyo mkiwa na maana gani. Ulipokaa mlangoni kwangu hukuniombea tu.

Yudith


Iyunga
10 Agosti 1955

Wifi yangu Yudith,

Mimi si mwandishi, unanijua, kwa hiyo uvumilie. Anania hajui kama ninaandika. Nampa barua hii Mwanakhamisi ampe kaka yake akupe mkononi.

Wifi, nakuomba usimwandikie tena maneno makali. Tangu barua yako ile hali chakula vizuri. Alikwenda misheni kwa mchungaji kumwambia anataka kusimama na Sekela kwenye baraza. Mchungaji alimkatalia. Alimwambia mwinjilisti kazi yake ni Neno, haingii kesi za mashamba, na huyo Yotamu ana watu wengi, tukimwudhi ukoo mzima utaacha kanisa. Akamwambia kama ataingia barazani, siku hiyo hiyo aache ufunguo wa nyumba kwenye mlango. Nyumba hii tunayokaa ni ya kanisa, wifi. Kijiko tu ndicho chetu.

Hili hatakuambia. Anaogopa utamwona mwoga, na anaogopa pia utamhurumia. Baraza la kesi hizi litakaa mwezi wa tisa.

Mimi naenda kwa Sekela mara kwa mara, nampelekea ndizi. Yeye haniulizi kitu. Namtazama naona nafsi yangu. Tukitolewa nyumba hii nikiwa na tumbo hili, mimi nami nitakuwa nalala kwenye magunia ya mtu. Nampenda Sekela, lakini nina Saulo. Sijui kama hiyo ni dhambi. Kama ni dhambi niombee.

Wifi yako,
Mama Saulo


Mlandege
22 Agosti 1955

Wifi yangu mpendwa,

Barua imenifikia mkononi kama ulivyotaka, na nimeichoma jikoni baada ya kuisoma, usiwe na hofu.

Nimeona aibu. Naandika maneno yangu nikiwa katika nyumba yangu, mbele ya cherehani yangu, na hakuna mtu mwenye ufunguo wa mlango wangu. Ni rahisi kuwa jasiri kutoka hapa Mlandege. Sikujua bei yake kwenu, na ningepaswa kuuliza kabla ya kusema. Unisamehe. Wala hiyo si dhambi. Mama anayemwogopea mwanawe hatendi dhambi.

Sitamwandikia Anania mpaka aniandikie yeye.

Nakuambia jambo moja tu, nawe utalifanya unavyotaka, hata ukikaa kimya ni sawa. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja kimejaa vitambaa, lakini vitambaa vinaweza kulala chini ya kitanda. Mkija na mtoto mchanga mtasikia cherehani usiku kucha wakati wa sikukuu, na Anania itambidi ajifunze kupiga pasi. Hamtalala kwenye magunia ya mtu. Sikuandikii haya ili umsukume aende. Nimeandika ili ukiogopa, usiogope hilo.

Yudith


Iyunga
19 Septemba 1955

Dada Yudith,

Umekaa kimya muda mrefu, nikadhani umenichoka. Kumbe mlikuwa mnaandikiana nyuma yangu, ninyi wawili. Mama Saulo ameniambia yote juzi, tulipokuwa njiani kwenda barazani. Ndiyo, tulikwenda.

Nilikuwa nimekwisha amua kutokwenda. Nakuambia kweli. Usiku uliotangulia nilimwambia Mama Saulo nitamtii mchungaji, kisha nikageukia ukutani. Asubuhi nilimkuta ametoa koti langu, amelipiga pasi, amelitundika mlangoni. Hakuhubiri. Alisema dada yako ana vyumba viwili, kisha akaenda kumwosha Saulo uso.

Mzee Danieli sikumwona. Alisema hawezi kwenda kinyume cha mchungaji, na mimi sikumlaumu. Mwanakhamisi alifunga duka. Tulikwenda sisi watu wachache na Sekela, akiwa amevaa kanga aliyoazimwa.

Ukoo wa Yotamu ulikuwa umejaza upande mmoja wote. Kesi ilipoitwa, karani aliuliza mjane huyu ana nani. Nikasimama. Karani akaniuliza mimi ni nani kwake, maana anaona hata kabila letu si moja. Nikasema ni wa kanisa letu, na sisi ndio tuliomwambia akatae.

Yotamu akacheka, akasema mwinjilisti asisahau kwamba shamba hilo alilipokea kwa mikono miwili na kuliombea. Watu wakacheka pia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema habari za haki na Maandiko, lakini pale yalinitoka yote. Nikasema, "Ni kweli. Tulimfundisha kukataa, kisha tukapokea shamba alilonyang'anywa kwa kukataa. Siwezi kumshtaki Yotamu bila kujishtaki mwenyewe." Kicheko kikaisha. Chifu akaniambia nikae.

Kisha akamwita Sekela mwenyewe. Nilitaka kumsaidia kujibu, Mama Saulo akanivuta koti. Sekela alisema alilipiwa mahari ya ng'ombe na baba yake akawapokea, alilima shamba lile tangu alipoletwa kama mwari, amemzika mumewe pale, na mwanawe wa kiume yupo, ni mdogo tu. Alisema hakuukataa ukoo, alikataa kuolewa. Alisema kwa sauti ndogo, kwa Kinyakyusa, na mtu wa karibu yangu alikuwa ananitafsiria yale yaliyonipita. Hakututaja sisi hata kidogo.

Chifu aliamua shamba la marehemu lina mwenyewe, ndiye yule mwanawe, na mpaka atakapokua mama yake atalilima na kukaa. Maharage ya mke wa Yotamu yavunwe, kisha watoke. Na kanisa lifukie msingi wake.

Jana tumefukia, mimi na vijana. Mchungaji alikuja wakati tunafukia. Nilimpa ufunguo. Aliushika, akatazama shamba, akakaa kwenye rundo la matofali na kuniuliza habari yote tangu mwanzo. Nikamweleza. Aliondoka jioni, akasema atalipeleka jambo langu kwenye mkutano wa wachungaji, na ufunguo akaniachia juu ya matofali. Sijui maana yake ni nini. Mama Saulo anasema maana yake tulale.

Mdogo wako,
Anania


Mlandege
4 Oktoba 1955

Mdogo wangu,

Nimelia, kisha nikacheka, kisha nikamsomea Isihaka sehemu zile za barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mwambie Anania nampa mkono. Hakusema zaidi, na kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye hilo si dogo.

Nyumba yangu ingali na vyumba viwili. Wachungaji wakiamua wanavyoamua, mnajua njia. Na huyo aliyeninyima sifa kwa kupiga pasi koti lako bila ushauri wangu, mwambie namletea nepi.

Niambie mtaabudu wapi. Mvua za kwanza zinakaribia, na kibanda kile nimekiona.

Yudith


Iyunga
13 Novemba 1955

Dada yangu Yudith,

Nepi zimefika, na mtoto bado. Mkutano wa wachungaji umesogezwa mpaka mwaka mpya, basi mimi ningali mwinjilisti, angalau wa nusu.

Umeniuliza tutaabudu wapi. Kuna habari hapo.

Mwezi uliopita Mzee Danieli aliwaita wazee. Alisema maneno ya busara, kwa kweli. Shamba ni la mjane, chifu ameamua, hakuna mtu wa kulinyang'anya. Lakini ni kubwa, na yeye ni mtu mmoja. Basi tumwombe kipande tu pale juu barabarani. Tumemsimamia barazani, kanisa limejiaibisha kwa ajili yake, haiwezekani akatukatalia. Wote walikubali. Mimi moyo haukutaka, lakini nilishindwa kueleza kwa nini, maana kuomba si kosa. Wakanipeleka pamoja nao.

Tulimkuta Sekela anatifua matuta. Nyumba yake ameiezeka upya, na Mwanakhamisi alikuwapo na watoto. Alitupa vigoda, akatuletea togwa, akakaa chini mbele yetu na kusubiri. Mzee Danieli alizungumza vizuri sana. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya baraza, akaeleza taabu ya mvua, akakumbusha kwa upole yale tuliyomtendea. Kisha akasema ombi.

Sekela aliuliza ni wapi hasa. Danieli akamwonyesha kwa mkono. Alipageukia, akapatazama.

"Hapana, baba," akasema. "Hapo nitapanda mahindi."

Tulingoja aongeze neno. Tulingoja aseme labda mwakani, au kwamba watoto ni wadogo, au aombe radhi. Hakuongeza. Aliuliza kama tutaongezewa togwa. Danieli akasema imetutosha, tukashukuru, tukaondoka.

Njiani mzee alikuwa na uchungu. Aliniuliza mtu aliyesaidiwa na kanisa anawezaje kulinyima kanisa. Nikamwambia safari ile ya kwanza tulilichukua shamba hili kwa nyimbo, na hatukumwuliza mtu. Safari hii tumemwuliza mwenyewe, naye ametujibu. Sijui kama amekubali, lakini amewatuma vijana wakakate nyasi za kuezekea kibanda.

Dada, nilijiona nafurahi, na niliificha furaha yangu kwa heshima ya wazee. Tulirudi mikono mitupu na nilitaka kuimba. Mtu anayejiona wa kuhurumiwa tu angetupa kipande kile siku hiyo hiyo. Angeogopa kutunyima.

Jumapili Sekela alikuja ibadani na watoto wake, akampisha Mzee Danieli aingie kwanza kama desturi ilivyo, kisha akaenda kukaa benchi la mbele.

Mdogo wako,
Anania